Kiki Inapoteleza: Pima Kwanza, Fungua Baadaye

(Haya ni mazungumzo aliyoyatoa mhitimu mwenzetu, ambaye ni fundi wa pikipiki mjini Mpanda, mbele ya wahitimu, walimu na wanafunzi siku ya mkutano wetu hapa Mwamkulu. Tumeyachapa karibu kama alivyoyasema. – Mhariri)



Nilipoletewa barua ya kuombwa nizungumze, nilidhani imepotea njia. Katika mikutano yetu tumezoea kumsikia daktari, au hakimu, au ndugu aliyetoka masomoni ng'ambo. Mimi ni mtu wa spana na matambara yenye oili. Lakini Katibu akaniambia, "Njoo uzungumze juu ya kazi yako, vijana wasikie." Basi nimekuja, na kazi yenyewe nimekuja nayo. Ile pikipiki iliyosimama chini ya mwembe, ambayo wanafunzi wameizunguka tangu asubuhi, ni BSA M20. Naomba kuzungumza juu ya kitu kimoja tu cha pikipiki ile, nacho ni mkono wa kiki. Na kabla sijakaa nina deni la kulipa mbele yenu. Nitalifikia.

Pikipiki hii ilifikaje kwetu

Wazee waliopo hapa wanajua kwamba mji wa Mpanda tunaoujua ulikuzwa na madini ya risasi. Kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba risasi hapo, na kwa ajili ya mgodi huo ikajengwa reli kutoka Kaliua hadi Mpanda, kilomita zipatazo 210, iliyofunguliwa mwaka 1950. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Wazungu wengi wakafunga mizigo, na kila mmoja akauza kile asichoweza kukibeba. Mjomba wangu alikuwa kijana wa kazi pale, na kwa akiba yake alinunua pikipiki hii kwa mmoja wa waliokuwa wakiondoka.

BSA ni kifupi cha Birmingham Small Arms. Ilianza mwaka 1861 kama kampuni ya kutengeneza bunduki, ndiyo maana alama yake ni bunduki tatu zilizosimamishwa pamoja. Aina hii ya M20 ilianza kutengenezwa mwaka 1937. Ina silinda moja ya senti-mita za ujazo 496, na vali zake zimekaa ubavuni mwa silinda badala ya kukaa juu. Jeshi la Uingereza liliitumia sana katika Vita Kuu ya Pili, na zaidi ya laki moja zilitengenezwa kwa ajili ya vita ile. Si pikipiki ya mbio. Ni punda, nzito na mvumilivu, na hakuna njia nyingine ya kuiamsha isipokuwa mguu wako, au kuisukuma.

Mjomba aliiendesha miaka mingi. Baadaye spea zikawa adimu, miguu ikachoka, pikipiki ikaingia bandani, ikafunikwa kwa magunia ya mpunga. Kuku walitagia juu ya kiti chake. Hivyo ndivyo nilivyoikuta mwaka 2009, mimi nikiwa kijana niliyemaliza kidato cha nne hapa, nikijifunza ufundi katika gereji moja mjini.

Nguvu ya mguu inapita wapi

Wanafunzi, hebu tuanze na jambo ambalo mimi nililiruka. Mtu anapokanyaga mkono wa kiki, nguvu ya mguu haiendi moja kwa moja kwenye pistoni. Inapita vituo, kama abiria wa treni. Katika pikipiki hii vituo ni hivi.

Kwanza ni mkono wa kiki wenyewe. Pili ni kotapini, yaani kile kipini chenye ubapa upande mmoja kinachoushikamanisha mkono na shafti yake. Tatu ni shafti ya kiki, inayoingia ndani ya giaboksi. Nne ni kwadranti, kipande cha gurudumu la meno mfano wa kipande cha tikiti maji, kilichofungwa kwenye shafti hiyo. Tano ni racheti, gurudumu dogo lenye meno yaliyolala upande mmoja na kusukumwa na springi ndogo. Meno hayo hushika ukikanyaga, na huachia injini ikishawaka, ili injini isikurudishie mguu. Sita ni shafti kuu ya giaboksi. Saba ni klachi. Nane ni mnyororo wa mbele unaounganisha klachi na injini. Tisa ni kranki, na hapo ndipo pistoni inapanda.

Sasa sikilizeni vizuri. Klachi ni kituo cha saba. Maana yake ni kwamba katika pikipiki hii ya Kiingereza huwezi kuwasha injini kwa kiki kama klachi haishiki. Klachi ikiteleza, kiki itashuka kama kijiko kwenye uji, na mtu atalaumu kiki. Mguu haujui tofauti. Mguu unajua tu kwamba umeshuka bila kukuta kizuizi.

Kosa langu

Mwaka huo wa 2009 alipita mgeni mmoja aliyekuwa akitafuta pikipiki za zamani. Akaiona bandani, akaipenda, akasema, "Ikiwaka nainunua." Bei aliyoitaja ilikuwa kubwa kuliko mavuno yetu ya misimu miwili. Mjomba akaniita, akasema, "Mpwa wangu, wewe sasa ni fundi. Iamshe."

Nilikuwa na miezi minane gereji. Nikajiona nimefika. Nikaisafisha, nikabadilisha oili, nikakaza kila kilicholegea, hata waya wa klachi niliukuta umelegea kidogo nikaukaza mpaka ukalia kama uzi wa zeze. Nikapiga kiki. Mkono ukashuka mpaka chini bila kizuizi. Nikapiga tena. Vilevile.

Sikupima kitu. Mwenzangu mmoja gereji alikuwa amepata kuniambia kwamba kiki ikiteleza ni racheti, nami nikalichukua neno hilo kama aya. Nikafungua giaboksi. Spana zetu zilikuwa za milimita, na nati za pikipiki hii ni za kipimo cha Kiingereza, kwa hiyo spana hazikukaa sawasawa, nikaharibu pembe za nati tatu. Nilipofika ndani nikaona meno ya racheti yamelika kidogo. Kitu chenye umri wa miaka zaidi ya hamsini, meno yake yasilike? Lakini mimi nilikuwa natafuta ushahidi wa hukumu niliyokwisha itoa. Nikatoka nje nikatangaza: racheti na kwadranti zimekwisha, ziagizwe Uingereza.

Pesa hazikuwapo, ila zilikuwapo za kazi nyingine. Mdogo wangu alikuwa amemaliza hapa hapa, amefaulu, amechaguliwa kidato cha tano katika shule ya bweni ya mbali. Mama alikuwa ameuza mpunga na kuweka pesa za ada, nauli, godoro na sare. Nikamwambia mama, "Tukopeshe hizo. Mgeni akirudi tunalipa zote na chenji inabaki." Mama alinitazama kwa muda, akaniuliza, "Una hakika, mwanangu?" Nikasema nina hakika.

Spea zilichukua zaidi ya miezi miwili kufika. Siku ya kuripoti shuleni ikapita. Tukaomba muda, ukaongezwa kidogo, nao ukapita. Spea zilipofika nikazifunga usiku kwa taa ya chemli. Asubuhi watu wakakusanyika. Nikapiga kiki.

Mkono ukashuka mpaka chini bila kizuizi.

Swali la mzee wa reli

Katika watu waliokuja kutazama alikuwamo mzee mmoja mstaafu wa reli, aliyewahi kufanya kazi karakana. Aliniacha nipige kiki mpaka nikachoka. Kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, gurudumu la nyuma umelizungusha?"

Nikamjibu, tena kwa ukali kidogo, Mungu anisamehe, "Babu, ugonjwa uko kwenye kiki, gurudumu lina kazi gani?"

Hakunijibu. Akaisimamisha pikipiki kwenye stendi, gurudumu la nyuma likawa juu. Akaingiza gia ya juu kabisa. Akashika tairi kwa mikono miwili, akalizungusha. Likazunguka taratibu. Akaniambia, "Weka sikio kwenye silinda." Nikaweka. Kimya. Pistoni haikupanda wala haikushuka. Ubaridi ukanipanda mgongoni, kwa sababu hapo nilielewa. Gurudumu linazungusha mnyororo, mnyororo unazungusha giaboksi, giaboksi inazungusha klachi, na injini imelala. Kiki haikuwamo kabisa katika jaribio lile, na ugonjwa ulikuwa ni ule ule. Kwa hiyo ugonjwa haukuwa wa kiki.

Mzee akagusa waya wa klachi kwa kidole. "Nani aliukaza huu?" Nikanyamaza. Ni mimi. Waya uliokazwa kupita kiasi ni sawa na mtu aliyeivuta klachi siku zote. Tena nilikuwa nimejaza oili nyingi kwenye boksi la mnyororo wa mbele, ikaingia katika sahani za klachi, ambazo katika pikipiki hii hazitakiwi kulowa.

Matengenezo yalikuwa haya: kulegeza waya ukabaki na mchezo wa kama milimita tatu pale kwenye mkono wa klachi, kupunguza oili, kutoa sahani, kuziosha kwa petroli na kuzikausha. Kazi ya asubuhi moja, na lita moja ya petroli. Mchana injini iliwaka. Mjomba alilia. Mimi nilikwenda nyuma ya banda, nami nikalia, lakini si kwa sababu ile ile. Yule mgeni alikwisha nunua nyingine kwingineko, hakurudi. Na nafasi ya mdogo wangu ilikwisha potea.

Jinsi ya kupima

Kutokana na siku ile nilijiwekea utaratibu, nao ndio nataka vijana mwandike. Kabla ya lolote funga petroli. Kisha chomoa waya wa plagi, uufunge kwenye plagi ya akiba, na uilaze plagi hiyo juu ya chuma cha silinda. Plagi ya injini ibaki mahali pake, maana tunahitaji mgandamizo. Tunafanya hivi ili injini isije ikawaka mkono wako ukiwa kwenye gurudumu. Hakikisha gia iko huru. Halafu tumia mkono, si mguu. Mkono una akili kuliko mguu.

Kipimo cha kwanza ni cha chaki. Chora mstari mmoja unaoanzia kwenye shingo ya mkono wa kiki na kuvuka mpaka kwenye ncha ya shafti. Kandamiza. Mstari ukikatika vipande viwili, mkono unakwenda na shafti imebaki. Hapo kotapini imelika au imelegea. Weka mpya, ubapa wake ukae sawa na ubapa wa shafti. Iingize kwa nyundo kwanza, huku umeegemeza chuma kizito upande wa chini ili usiipinde shafti, halafu ndipo ukaze nati. Nati hiyo kazi yake ni kuizuia isitoke. Haina nguvu ya kuivuta ikae. Wengi hukaza nati mpaka ikakatika, kisha wanalaumu kiwanda.

Kipimo cha pili ni kile cha mzee wa reli. Mstari wa chaki ukiwa mzima na kiki bado inateleza, ingiza gia ya juu na uzungushe gurudumu la nyuma. Ukikuta mgandamizo unakuzuia, klachi inashika, na kosa liko nyuma yake, upande wa kiki. Gurudumu likizunguka na injini imelala, ni klachi. Angalia kwanza kama kuna mtu ameshika kile kishikio kidogo cha kuinua vali, kwa maana vali ikiwa wazi hakuna mgandamizo na utadanganyika. Kipimo hiki hakigharimu hata senti, na kinakata mnyororo wa vituo tisa katikati. Kwa jibu moja umeachana na nusu ya mashaka yako.

Kipimo cha tatu ni cha sikio. Klachi inashika, chaki ni nzima, na bado kiki inateleza. Kandamiza taratibu usikilize. Ukisikia kra-kra-kra, na mara inashika, mara inaachia, hapo sasa ndipo pa racheti. Huenda meno yamelika, huenda springi ndogo inayoyasukuma imechoka au imekatika, huenda nati ya mwisho wa shafti kuu imelegea. Sasa una ruhusa ya kumwaga oili na kufungua. Tumia spana za kipimo cha Kiingereza. Ukizikosa, ziazime, hata kama ni kwa siku tatu.

Hayo ni ya kiki inayoteleza. Zipo na kasoro nyingine.

Kiki iliyokwama kama jiwe. Usiirukie! Vuta klachi, kisha kandamiza kwa mkono. Ikishuka, giaboksi ni nzima na kilichokwama ni injini. Isiposhuka hata klachi ikiwa imevutwa, kizuizi kiko upande wa kiki na giaboksi. Ikikwama mwanzoni tu mwa safari yake, mara nyingi ni jino la kwanza la kwadranti limekutana uso kwa uso na jino la racheti. Rudisha mkono juu, ingiza gia, sogeza pikipiki kidogo, toa gia, jaribu tena. Anayelilazimisha kwa uzito wa mwili hulivunja jino hilo, na jino la kwanza ndilo linalobeba mzigo wa mwanzo kila siku.

Kiki isiyorudi juu. Iinue kwa kidole. Ikiwa nyepesi na inaanguka yenyewe, springi ya kurudishia imekatika au ncha yake imeponyoka. Ikiwa nzito kuinuka, springi haina kosa. Tafuta shafti iliyopinda, bushi iliyokauka, au mkono wenyewe umepinda na kusugua bomba la moshi au pedali.

Kiki inayopiga teke. Hii si kasoro ya kiki hata kidogo, nami nimeona vifundo vya miguu vilivyovunjika kwa kutojua hivyo. Cheche inakuja mapema mno, pistoni haijafika juu, moto unaisukuma kinyume. M20 ina kishikio mkononi cha kuwahisha na kuchelewesha cheche. Kabla ya kupiga kiki unakichelewesha. Kisha unakandamiza taratibu mpaka ukute mgandamizo, unainua vali kwa kishikio chake, unavusha pistoni kidogo tu kupita kileleni, unaachia vali, unairudisha kiki juu, ndipo unapiga kwa mguu mrefu mpaka chini bila kusita. Vaa viatu. Kandambili si vazi la kazi hii. Na goti usilikaze likanyooka, liwe na mkunjo kidogo, ili teke likija lipate pa kuishia.

Pikipiki zenu za leo

Najua kuna anayesema moyoni, "Fundi, hayo ni ya makumbusho. Sisi tuna bodaboda za Kihindi na za Kichina, nyingi zinawashwa kwa kitufe." Ni kweli. Lakini betri hufa, na siku ikifa porini kati ya hapa na Karema, utaukumbuka mkono wa kiki.

Tena ziko tofauti. Katika baadhi ya pikipiki hizo, nguvu ya kiki inaingia kwenye ngoma ya nje ya klachi na kwenda injini bila kupita katika sahani zake. Ndiyo maana unaweza kuziwasha ukiwa kwenye gia, umevuta klachi. Kwa pikipiki ya namna hiyo, klachi ikiteleza kiki haitajua. Sasa mwanafunzi aliyekariri maneno yangu kwamba kiki ikiteleza ni klachi atakwenda kuharibu bodaboda ya mtu, kama mimi nilivyokariri kwamba ni racheti nikaharibu nyumba yetu. Kwa hiyo usikariri jibu. Ingiza gia, vuta klachi, kandamiza kiki kwa mkono. Injini ikizunguka, umejua nguvu inapita njia ipi. Uliza kila mashine: nguvu inaingilia wapi, inapita wapi, na nikikata njia katikati nitaona nini? Ukimjua abiria alipandia wapi na alitakiwa kushukia wapi, utajua amepotelea kituo gani.

Mwalimu wetu wa fizikia alitufundisha hayo katika darasa lile pale, wakati wa kutafuta kasoro katika mzunguko wa umeme wa betri na balbu. Alituambia tupime katikati kwanza. Niliandika, nikapata alama nzuri, na nilipotoka langoni nikaliacha somo darasani. Ndugu walimu, msifikiri mwanafunzi akifaulu mtihani amelichukua somo. Mwambieni alipeleke bandani kwao.

Deni langu

Nimesema nina deni. Mdogo wangu alikaa nyumbani mwaka mzima akilima mpunga. Baadaye akaenda chuo cha ualimu, na leo ni mwalimu mzuri wa hesabu. Wapo humu aliowafundisha. Hajawahi kunitamkia neno. Lakini alitaka kuwa mhandisi, na alama alikuwa nazo. Mama naye hajawahi kuniuliza tena swali lile la "una hakika, mwanangu?" Ningefurahi angeniuliza.

Tulipokuwa wadogo, mkubwa akimkosea mdogo mambo yaliishia chakulani. Mimi nimekula naye miaka yote hii bila kulisema. Yupo hapa leo, amekaa na wahitimu wa mwaka wake. Mdogo wangu, nilisema nina hakika nami sikuwa nimepima. Hasara uliibeba wewe. Naomba radhi mbele ya shule iliyotufundisha sote wawili.

(Hapa msemaji alinyamaza. Mdogo wake alisimama, akaja mbele, wakashikana mikono. Watu walipiga makofi. – Mhariri)

Ahsanteni. Basi nimalizie, maana Mwenyekiti anaitazama saa.

Mjomba alifariki mwaka 2016 akaniachia pikipiki. Wanunuzi wamekuja zaidi ya mmoja. Siiuzi. Na leo ninatoa ahadi kwa shule. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitakuja nayo hapa, pamoja na seti ya spana za kipimo cha Kiingereza ambazo hatimaye nilizipata, na wanafunzi watakaotaka tutaifungua na kuifunga pamoja. Nitakuwa nimeiwekea ugonjwa mimi mwenyewe kwa siri. Siku moja nitalegeza kotapini, siku nyingine nitakaza waya wa klachi. Atakayeshika spana kabla ya kushika chaki atakwenda kukaa chini ya mwembe awaangalie wenzake. Mwalimu Nyerere alipotuandikia juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 hakutaka shule na kazi viishi nyumba mbili. Sisi wa Mwamkulu tuna mashamba, tuna mashine za kukoboa, tuna pampu, tuna pikipiki. Vyote vina mahali nguvu inapoingilia na mahali inapotokea.

Na siku mzazi wako atakapokuuliza kama una hakika, ukiwa hujapima sema, "Bado, mama. Ngoja nipime."

 Sasa anayetaka kuisikia BSA ikinguruma, tukutane chini ya mwembe. Wenye kandambili wasimame mbali.